Kuseti Mafuta ya Injini kwa Sensa ya Oksijeni Hadi Nguvu Yote Itoke

Mafundi wengi wa hapa Tanga wanaseti mafuta kwa sikio, kwa harufu ya moshi na kwa rangi ya plagi. Sikio zuri ni mali, na fundi asiye nalo atasumbuka hata akiwa na kompyuta tatu. Lakini hakuna sikio linaloweza kutofautisha mchanganyiko wa 12.8 na wa 13.8 (kilo za hewa kwa kila kilo ya petroli) injini ikiwa inavuta kwa nguvu zake zote, na tofauti hiyo moja inatosha kutoboa pistoni. Sensa ya oksijeni inaitofautisha.

Jambo la kuelewa kabla hujashika spana ni hili: sensa haipimi mafuta. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Oksijeni yoyote iliyofika pale kwa njia isiyo halali, iwe kwa tundu la ekzosi au kwa plagi iliyokataa kuwaka, itahesabiwa kama dalili ya mafuta kupungua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kuifanya sensa iseme kweli. Kuongeza na kupunguza mafuta kwenyewe huja mwishoni, na hakuchukui muda.

Namba zenyewe

Petroli huungua ikaisha, na hewa ikaisha pamoja nayo, pale kilo 14.7 za hewa zinapokutana na kilo 1 ya petroli. Hapo lambda, yaani uwiano uliopo ukigawanywa kwa 14.7, ni 1. Namba ikishuka chini ya 14.7, mafuta yamezidi. Ikipanda, hewa imezidi. Injini isiyo na tabo (turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa) hutoa nguvu yake ya juu kati ya 12.5 na 13.2, yaani lambda ya 0.85 hadi 0.90 hivi. Injini yenye tabo huwekwa kwenye 11.5 hadi 12, kwa sababu mafuta ya ziada yanaipoza. Ukiwa safarini unakanyaga kidogo tu, 14.7 hadi 15.5 inakutosha na mfuko unapumua.

Kwa nini nguvu isitoke pale ambapo kila kitu kinaungua kikaisha? Kwa sababu kinachobana injini ni hewa. Petroli unaweza kuongeza upendavyo, ila hewa inayoingia kwenye silinda ina kikomo chake, na muda wa kuichanganya na mafuta ni mfupi mno. Ukiweka 14.7 kamili, kuna oksijeni itakayotoka bila kukutana na mafuta. Ukizidisha mafuta kidogo, kila oksijeni inapata mwenzake. Ukizidisha mno, yale ya ziada yanapoza moto na nguvu inashuka tena.

Kilele hicho hakina ncha kali. Kutoka 12.3 hadi 13.2 tofauti ya nguvu ni ndogo kiasi kwamba mguu wa dereva hauitambui. Ndiyo maana mimi nashauri ukae upande wa mafuta mengi kidogo. Anayeng'ang'ania 13.3 kwa sababu amesikia ndiyo inayopiga zaidi anachuma nguvu isiyoonekana na kuweka rehani injini inayoonekana.

Hatua ya kwanza: ijue sensa uliyonayo

Sensa iliyokuja na gari mara nyingi ni ile ya kawaida ya kauri ya zirkonia. Mwaka 1976 Volvo ilikuwa ya kwanza kuiweka kwenye magari ya kuuza, ikiwa imetengenezwa na Bosch, kwa ajili ya soko la Marekani. Kazi yake ni kuchunga 14.7. Mafuta yakizidi inatoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi inashuka hadi volti 0.1, na mpaka wa katikati ni 0.45. Inaanza kufanya kazi ikishapata moto wa takriban nyuzi 300 za Selsiasi, ndiyo maana zenye waya tatu au nne zina hita ndani.

Unaweza kuipima kwa multimita ya dijiti. Usitumie taa ya kupimia, kwani sensa haina umeme wa kuiwasha na unaweza kuiharibu. Kwa sensa nyingi za Denso zenye waya nne, nyeusi mbili ni hita, buluu ni ya ishara na nyeupe ni ethi yake (waya hasi). Kwa za Bosch, nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni ethi. Injini ikiwa ya moto na ikizunguka 2,500 kwa dakika, namba inapaswa kupanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9. Ikikaa palepale, au ikipanda na kushuka kivivu, sensa imechoka au kuna jambo jingine kwenye injini.

Je, sensa hiyo inaweza kukusetia nguvu? Hapana. Ukishaingia kwenye mafuta mengi, volti zake zinalala kati ya 0.8 na 0.9 na zinafuata joto la moshi kuliko zinavyofuata mafuta. Injini moja inaweza kuonyesha 0.86 ikiwa 12.0, kisha ikaonyesha hiyohiyo 0.86 ikiwa 13.2. Itumie kama kengele tu: umekanyaga hadi mwisho na namba ikaanguka chini ya 0.8, ondoa mguu.

Ya kusetia nguvu ni ile inayosoma upeo mpana, ambayo mafundi wanaiita waidibendi. Zinazopatikana zaidi ni Bosch LSU 4.2 na LSU 4.9. Haifanyi kazi peke yake. Lazima iwe na kontrola yake, inayoiendesha na kukupa namba kwenye saa au kama umeme wa volti 0 hadi 5 kuelekea kwenye kompyuta. Ukichagua leo, chukua 4.9. Haihitaji kusawazishwa mara kwa mara kwa hewa ya nje kama 4.2.

Hatua ya pili: injini iwe nzima

Hapa ndipo wateja hukosa subira. Mtu analeta gari asubuhi na jioni analitaka, lakini kazi hii haifuati ule msemo wa Tanga wa waja leo waondoka leo. Injini mbovu haisetiki. Utaongeza mafuta kuziba ubovu, na siku ubovu ukitengenezwa mafuta yatakuwa mengi kupita kiasi.

Pima kompresheni ya silinda zote. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, simama hapo uulize kwanza. Weka plagi mpya zenye joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kagua koili na waya za plagi gizani, uone kama zinatoa cheche. Badilisha filta ya hewa na ya petroli. Pima presha ya mafuta gari likiwa limekanyagwa, kwani pampu iliyochoka huonekana nzima ikiwa sailensi (injini inazunguka bila kukanyagwa) na kusalimu amri kwenye mlima. Puliza moshi au maji ya sabuni kwenye manifoldi na mipira yake kutafuta panapovuja hewa. Mwisho hakikisha wakati wa cheche uko sawa.

Plagi inayomisi nataka niirudie, maana inapotosha wengi. Silinda isipowaka, petroli yake na oksijeni yake vyote vinatoka nje. Sensa haioni ile petroli mbichi kama inavyoiona oksijeni, kwa hiyo inapiga kelele kwamba hewa imezidi, hali pua yako inanusa petroli. Fundi anayefuata namba bila kutumia pua anaongeza mafuta, plagi zinalowa, injini inamisi zaidi, na namba inapanda tena. Harufu ya petroli ikipingana na sensa, iamini harufu.

Hatua ya tatu: kuchomelea nati ya sensa

Uzi wa sensa ni M18 yenye hatua ya milimita 1.5. Nati yake huchomelewa kwenye bomba la ekzosi baada ya mabomba ya silinda zote kuungana, kabla ya katalista, yale masega ya ndani ya ekzosi. Umbali wa sentimita 60 hadi 100 kutoka kwenye kichwa cha injini unafaa magari mengi. Kwa yenye tabo, iweke baada ya tabo. Ukiiweka kabla yake, joto na presha vitaiua na namba zitakuwa za uongo.

Isimamishe upande wa juu wa bomba, mahali ambapo mshale wa saa ungeelekea kati ya saa nne na saa nane kwa hesabu yetu ya Kiswahili, yaani kati ya 10 na 2 kwenye uso wa saa. Sababu ni maji. Asubuhi ekzosi hujaa jasho, na hapa pwani tunajua jasho lilivyo. Tone moja likigusa kauri yenye moto wa nyuzi 700 na zaidi, inapasuka.

Ekzosi isivuje popote kabla ya sensa. Moshi hautoki mfululizo. Kila baada ya msukumo bomba linavuta kidogo ndani, na tundu dogo la gaskiti linaingiza hewa safi. Kwa sababu hiyohiyo usiiweke karibu na mdomo wa nyuma wa ekzosi. Kwenye uzi paka grisi ya kuzuia kukwama, ncha isiguswe. Na gaskiti usizipake silikoni ya kawaida ya dukani: mvuke wake unaziba kauri, na sensa mpya inakufa ndani ya wiki. Tafuta ile iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa.

Hatua ya nne: umeme

Hita ya sensa inakula umeme wa kutosha, kwa hiyo ipe waya wake wenye fyuzi, unaowaka pamoja na swichi. Usiunyonye kutoka kwenye redio.

Ethi ndiyo inayowaponza wengi. Kama kontrola imeungwa ethi kwenye bodi na kompyuta imeungwa kwenye injini, kunaweza kuwa na tofauti ya volti 0.1 kati yao. Chukua kontrola ambayo volti 0 hadi 5 zinasimamia uwiano wa 10 hadi 20: hiyo volti 0.1 ni kosa la 0.2. Unafikiri uko 12.8 kumbe uko 13.0, na siku taa na feni zikiwashwa kosa linakua. Unga ethi zote mahali pamoja kwenye injini. Kisha linganisha namba ya kwenye saa na ya kwenye laptopu, zikitofautiana, usiendelee.

Kama kontrola yako inataka kusawazishwa kwa hewa, fanya hivyo sensa ikiwa nje ya ekzosi, mahali pasipo na mvuke wa petroli wala moshi wa gereji ya jirani.

Hatua ya tano: jua kontroli boksi inafanya nini

Kwenye mwendo wa kawaida kontroli boksi ya kiwandani, yaani kompyuta ya injini, inaifuata sensa yake, inaongeza na kupunguza mafuta ili kubaki 14.7. Ukikanyaga hadi mwisho, inaacha kuisikiliza na kufuata jedwali la mafuta lililoandikwa ndani yake. Kwa hiyo wale wanaouza kirezista cha kuidanganya sensa "ili gari liwe na nguvu" wanakuuzia kitu kisichofanya kazi mahali nguvu inapohitajika. Na anayechomoa sensa kabisa anapata taa ya injini na gari linalokunywa.

Njia halali ziko tatu. Ya kwanza ni kontroli boksi inayoandikika, ambapo unaingiza namba zako kwenye jedwali. Ya pili ni kifaa kinachokaa kati ya kontroli boksi na sensa ya hewa au nozeli. Ya tatu, ya watu wa bajeti, ni regyuleta ya presha. Mafuta yanayopita kwenye nozeli yanafuata kipeuo cha pili cha presha: ukipandisha kutoka baa 3.0 hadi 3.3, mafuta yanaongezeka takriban asilimia 5. Kwenye mwendo wa kawaida kontroli boksi italifuta ongezeko hilo, lakini ukikanyaga hadi mwisho linabaki, na ndipo ulipokuwa unalitaka.

Hatua ya sita: kuvuta na kurekodi

Dainamomita, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limesimama, ndiyo bora kuliko yote. Usipoipata, tafuta barabara ya ndani yenye ruhusa ya mwenyewe. Mkoa wetu una mashamba ya mkonge yenye njia ndefu zilizonyooka. Mwombe meneja kwa heshima, siku isiyo ya kazi. Barabara ya Tanga kwenda Segera yenye malori, mabasi na bodaboda si mahali pa kufanyia haya. Wawe watu wawili: mmoja anaendesha na kutazama mbele tu, mwingine ameshika laptopu.

Washa injini mpaka ipate joto lake kamili. Ingia gia ya pili, tulia kwenye mizunguko 2,500, kisha kanyaga mafuta yote mara moja na uiache ipande hadi 6,000 au hadi kikomo cha injini yako. Kwa gari dogo kama Corolla hapo utakuwa karibu na kilomita 90 kwa saa, hivyo hakikisha una nafasi ya kusimama. Rekodi mizunguko, uwiano na mkanyago. Namba ikipita 13.5 wakati umekanyaga yote, au ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, toa mguu papo hapo.

Anza na mafuta mengi, 12.0 hivi, ndipo upunguze. Asianze mtu na mafuta machache akitafuta kuongeza.

Hesabu ya kurekebisha ni nyepesi: namba mpya ya jedwali ni namba ya zamani mara uwiano uliosomwa, gawanya kwa uwiano unaoutaka. Tuseme kwenye mizunguko 4,000 jedwali lina 60, sensa imesoma 13.9, wewe unataka 12.8. Sitini mara 13.9 gawanya kwa 12.8 ni 65.2. Andika 65, vuta tena. Kumbuka moshi unachukua muda mfupi kusafiri hadi kwenye sensa, kwa hiyo kilichosomwa kwenye 4,000 kinaweza kuwa kimetokea kwenye 3,900. Usirekebishe kijumba kimoja peke yake. Lainisha na majirani zake.

Jedwali likishakaa 12.3 mstari mzima, sasa tafuta nguvu. Pima muda wa kutoka 3,000 hadi 6,000 kwenye rekodi. Punguza mafuta kwa asilimia 2, vuta tena, kwenda na kurudi, tenki likiwa na kiasi kilekile cha mafuta na watu walewale ndani. Muda ukiendelea kupungua, endelea. Ukiacha kupungua, rudi hatua moja kwenye mafuta mengi na uache hapo. Injini nyingine zitapenda 12.6, nyingine 13.0, na zote zina haki.

Wakati wa cheche uguse baadaye, kidogo kidogo, na ukiugusa rudia kuvuta.

Wenye kabureta

Pikipiki ya kabureta inasetiwa kwa mpangilio wa kushuka. Mkono ukiwa umevutwa robo tatu hadi mwisho, anayetawala ni jeti kubwa. Kati ya robo na robo tatu ni sindano na mahali pa kishikizo chake. Chini ya hapo ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Anza na jeti kubwa, kwa sababu inagusa zote zilizo chini yake.

Kwa jeti za Keihin namba ni kipenyo kwa mia za milimita. Kutoka 100 kwenda 105 eneo la tundu linaongezeka asilimia 10, hivyo iliyosoma 14.2 itasoma karibu 12.9. Jeti za Mikuni nyingi zimehesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita. Usilinganishe namba za kampuni hizi mbili. Na kutoboa jeti kwa waya, tuache. Tundu likishakwaruzwa hakuna sensa itakayokuambia lina ukubwa gani.

Injini za boti pale Deep Sea zenye kuchanganya oili na petroli msizisogeze kwenye habari hii. Oili inaipaka sensa masizi, na maji ya kupozea yanayotoka na moshi yanaimaliza.

Hewa ya Tanga na hewa ya Lushoto

Mwezi Machi, joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 80, mvuke wa maji unachukua karibu asilimia 4 ya hewa unayoivuta. Hiyo ni nafasi iliyoibwa kutoka kwa oksijeni. Ikifika Julai hewa inakuwa kavu na ya ubaridi kidogo, oksijeni inaongezeka, na mafuta uliyoyaseti Machi yanakuwa pungufu kidogo. Aliyeseti msimu wa joto aache akiba ya 0.2 upande wa mafuta mengi.

Kupanda Mombo kwenda Lushoto ni jambo zito zaidi. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi. Kontroli boksi nzuri inalijua hilo na inapunguza mafuta yenyewe. Kabureta haijui. Pikipiki iliyosetiwa 13.0 pale Raskazone, ufukweni Tanga, itakuwa kwenye 12.1 ikifika juu: itavuta kivivu, itanuka, lakini haitaungua. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Iliyosetiwa 13.0 Lushoto ikiteremka hadi Tanga itapanda kuelekea 14, na dereva atafurahia wepesi wake mpaka pistoni itakapokataa. Anayekaa milimani na kushuka mjini kila wiki asetiwe kwa hewa ya bahari.

Kuitunza sensa

Usiiache kwenye ekzosi bila umeme, maana hita isipowaka masizi yanaiziba. Washa injini kwanza, hita ifuate, ili jasho la bomba likauke. Ukimaliza kuseti na huihitaji tena, ifungue, uzibe tundu kwa boliti ya M18, uihifadhi mahali pakavu. Itaharibiwa na oili inayoungua, na maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda, na ile silikoni. Ukianza kuona namba zinachelewa kusogea baada ya kukanyaga, au gari lilelile lisilobadilishwa chochote linasoma tofauti na wiki jana, itoe nje uiweke kwenye hewa safi. Ikishindwa kusoma hewa kama hewa, nunua nyingine kabla hujagusa jedwali.